Nasikiliza podikasti za somo kwenda na kurudi, mbona mtihani wa sikio unanishinda?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni binti wa mwaka wa pili, nasoma shahada ya muziki katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Nimekulia kwenye kwaya ya usharika. Tangu darasa la tano naimba sauti ya pili, na solfa (nota za herufi: do, re, mi) naisoma bila kigugumizi. Nilipopata nafasi chuoni nilidhani nusu ya safari nimeshaimaliza. Kumbe huku kila kitu ni nota za mistari mitano, na kuna somo la mazoezi ya sikio ambalo ndilo linalonitoa jasho.

Nakaa Mbagala kwa mama mdogo kwa sababu bumu, ile pesa ya mkopo wa chuo, halitoshi kulipia hosteli na mengine yote. Asubuhi natoka giza halijaisha, jioni narudi limeshaingia. Vyumba vya kinanda chuoni ni vichache, na wanaoviwahi ni wale wanaolala palepale. Muhula huu mwalimu wetu wa mazoezi ya sikio ameanza kurekodi masomo yake kama podikasti. Kila wiki anatuma kipindi kimoja cha karibu nusu saa kwenye grupu la WhatsApp la darasa. Nilimshukuru Mungu, nikasema sasa foleni ya Barabara ya Kilwa itakuwa darasa langu.

Mwalimu, nasikiliza kwenda na kurudi. Vipindi vingine nimevirudia mpaka najua mahali anapokohoa. Niulize meja na maina zinatofautianaje, nitakujibu kwa maneno yake mwenyewe. Lakini kilipokuja kipimo cha kwanza, akapiga melodia fupi mara tatu ili tuiandike, karatasi yangu ikabaki nyeupe. Nilikuwa naisikia vizuri kabisa, ikiisha imeshapotea. Alama niliyopata naona haya kuitaja. Aliporudisha karatasi aliniambia mbele ya wenzangu, "Wewe husikilizi." Nilienda kulia chooni. Mimi ndiye ninayesikiliza kuliko wote!

Kaka yangu anasema podikasti ni za wavivu, niziache, nitafute madesa nikeshe nayo. Rafiki yangu anasema tatizo ni hedifoni zangu za bei rahisi, nisubiri bumu ninunue za maana. Mwingine ananishawishi nianzishe podikasti yangu ya nyimbo za kwaya kwa kuwa nina sauti nzuri ya kuzungumza. Sijui nishike lipi. Kipimo cha pili kitakuwa baada ya wiki sita, na nikianguka tena nitasapu, yaani nitarudia mtihani.

Nilisahau. Siku hizi nikishuka kwenye daladala jioni masikio yanapiga mluzi kwa muda. Ni kawaida?

Binti wa Sauti ya Pili, Mbagala

*

Marahaba binti yangu,

Ulilolisahau mpaka mwisho ndilo ninaloanza nalo. Hapana, si kawaida, na kwa mtu anayetaka kula kwa sikio lake ni jambo la kushughulikia leo. Ndani ya daladala kuna injini, honi, konda na redio ya dereva. Ili umsikie mwalimu wako unapandisha sauti ya simu ipite kelele zote hizo, na sikio linabeba yote kwa pamoja. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila kujidhuru. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda huo unakatika nusu. Ukifika desibeli 90 umebakiwa na saa 4 tu kwa wiki nzima, na kwa foleni ya Mbagala unaweza kuzimaliza kabla ya Jumatano.

Kwa hiyo wiki hii usivae hedifoni ndani ya gari hata mara moja. Baadaye, popote utakapozivaa, sauti ya simu isivuke asilimia 60. Tafuta zile zenye kipira kinachoziba tundu la sikio, kwa sababu zikizuia kelele ya nje hutahitaji kupandisha sauti. Hizo zipo za bei ya kawaida kabisa. Bumu lako litumie kwa chakula. Mluzi ukiendelea mpaka asubuhi, au ukiona unawauliza watu "umesemaje?" kuliko zamani, nenda kwa daktari wa masikio, usisubiri kipimo kipite.

Sasa lile neno la "husikilizi". Kukuambia vile mbele ya wenzako hakukuwa sawa, na nasema hivyo nikiwa mwalimu. Mtu aliyevirudia vipindi vya mwalimu wake mpaka akajua anapokohoa amesikiliza kwa moyo wake wote. Tatizo liko katika kile ulichokuwa unasikiliza. Kwa nusu saa ulikuwa unasikia maelezo kuhusu muziki, na maelezo hayo umeyashika barabara. Imla ya muziki haiulizi maelezo. Inataka uishike sauti kichwani baada ya kunyamaza, uipe mahali pake katika ngazi, kisha mkono uiandike. Kazi hizo tatu hukuzifanya hata mara moja ndani ya daladala, kwa sababu rekodi haikukuachia nafasi ya kuzifanya. Mwalimu anauliza, anajibu mwenyewe, anaendelea. Wewe unaitikia kwa kichwa, unaona umeelewa.

Hili halikukupata peke yako. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha utafiti uliolinganisha wanafunzi waliosoma kifungu mara nyingi na wale waliokisoma kisha wakajipima kwa kuandika walichokumbuka. Dakika chache baadaye waliorudia kusoma walikuwa mbele kidogo. Baada ya wiki, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Kurudia kunampa mtu uhakika kwamba anajua, na uhakika huo ndio uliokuingiza kwenye chumba cha mtihani ukitabasamu. Kaka yako naye ayasikie haya. Ukikesha na madesa huku unayasoma tu na kuyarudia, utaanguka vilevile, tena na usingizi juu.

Kuna kisa kimoja cha vyuo vikuu ambacho kila mwalimu anayerekodi masomo angefaa akijue. Agosti 2004 Chuo Kikuu cha Duke, North Carolina, kiliwagawia wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza, zaidi ya 1,600, kila mmoja iPod yake, kile kichezeshi kidogo cha muziki cha mfukoni. Matumizi ya darasani yalijikusanya zaidi kwenye masomo ya lugha za kigeni na ya muziki, na hilo halishangazi. Kinachonivutia ni kingine. Walipokuwa wanapanga, waliwaza zaidi habari ya kusikiliza. Mwaka ulipokwisha wakaona kilichowavutia zaidi wanafunzi na walimu ni uwezo wa kurekodi. Wanafunzi walikigeuza kile chombo kikapokea sauti zao wenyewe.

Simu yako ina kinasa sauti. Ndicho nitakachokuomba ukitumie wiki hizi sita, kuliko kitufe cha kuchezesha.

Tafuta kinanda mara moja kwa wiki. Chuoni unasema vyumba vinawahiwa. Je, kinanda cha usharikani kwenu baada ya mazoezi ya kwaya? Mwombe mpiga kinanda akuachie muda kidogo kabla hajafunga. Weka simu karibu, urekodi hivi. Piga do, kisha d m s m d (do mi so mi do), ili sikio lishike kii, yaani do imekaa wapi. Nyamaza kidogo. Piga melodia ya noti tano au sita. Nyamaza kwa sekunde 15 kamili, uzihesabu, kwa sababu kimya kikiwa kirefu kinatia wasiwasi na mkono utataka kukikata. Piga tena, nyamaza tena. Mwishoni imba jibu kwa solfa. Melodia moja haitazidi dakika moja na nusu, kwa hiyo kumi ni robo saa. Badilisha kii kila baada ya melodia mbili tatu, na usizipange kutoka rahisi kwenda ngumu, mwalimu wako hatakupangia.

Zisikilize nyumbani, pakiwa kimya, penseli mkononi. Robo saa kabla ya kulala inatosha. Sauti ikinyamaza, imba ulichosikia kwa sauti ya chini kabla hujaandika chochote. Usipoweza kuiimba huwezi kuiandika, na hapo utajua kilichoponyoka ni nini: mwanzo, ule mruko wa katikati, au mdundo. Jibu likija, sahihisha kwa rangi nyingine, na usifute ulichokosea. Baada ya siku chache karatasi zako zitakuonyesha unapoanguka kila mara. Wengi huanguka kwenye fa na ti.

Baada ya wiki utakuwa umezikariri rekodi zako. Hapo mtafute mwenzako wa darasani, naye arekodi zake, mbadilishane kwa bluetooth, isile bando. Melodia aliyoitunga mwingine inakushtua mahali ambapo mkono wako mwenyewe usingekwenda.

Na daladala? Ndani ya daladala zima simu. Chukua wimbo mmoja wa kitabuni unaoujua tangu utotoni, uimbe moyoni, bila kutoa sauti, lakini kwa majina ya solfa badala ya maneno. Sauti ya pili kwanza, kwa kuwa ndiyo yako, halafu soprano, halafu besi. Ukikwama kwenye noti usiruke, rudi mwanzo wa mstari. Ukifika nyumbani andika ubeti mmoja kwenye mistari mitano. Hakuna podikasti itakayokufundisha kushika sauti kichwani kuliko zoezi hili, halikugharimu senti, na masikio yanapumzika.

Naona umeandika habari ya solfa kana kwamba umetoka nayo kijijini na sasa unatakiwa kuivua mlangoni. Usiivue. Solfa tuliyoletewa na wamisionari iliundwa Uingereza na John Curwen karne ya 19, akijenga juu ya kazi ya mwalimu wa kike aitwaye Sarah Glover, na shabaha ilikuwa hiyohiyo inayokusumbua: watu waweze kusikia na kuimba wanachokiona. Katika imla solfa ni silaha. Wenzako waliosoma nota za mistari tu wanahangaika kukisia noti mojamoja, wewe unasikia uhusiano wa kila sauti na do. Andika herufi kwanza juu ya mistari, d r m s, haraka uwezavyo, kisha tafuta do imekaa mstari gani katika kii uliyopewa, ushushe noti nyingine kufuatana nayo. Melodia ikipigwa mara ya kwanza usiandike kabisa. Shika mapigo kwa kidole pajani, jua inaanzia wapi na inaishia wapi. Mara ya pili andika herufi. Mara ya tatu weka mdundo na uhakiki. Karatasi yako ilibaki nyeupe, nadhani, kwa sababu ulitaka kuandika noti kamili tangu noti ya kwanza, na ulipokuwa unaitafuta, nne zikapita.

Mwalimu wako amefanya jambo jema. Wapo wengi wasiothubutu kurekodi hata dakika moja. Ndiyo maana nataka mzungumze naye, wewe na mwakilishi wa darasa, kwa heshima, ofisini kwake na si kwenye grupu. Mwombeni kipindi cha nusu saa akigawe vipande vya dakika tano au sita, kila kimoja jambo moja. Mwombeni aache kimya baada ya kila mfano, na majibu ayaweke kwenye faili tofauti. Halafu kuna hili la ufundi ambalo huenda hajaligundua: akibonyeza kile kitufe cha ujumbe wa sauti cha WhatsApp, sauti inabanwa sana, na kinasa cha namna hiyo kimetengenezwa kwa ajili ya maongezi. Simu nyingi huichukulia noti ndefu ya kinanda kuwa ni kelele, zikaifinya au kuimeza. Mnaweza kuwa mnafanya mazoezi ya sikio kwa sauti iliyokwisha haribika. Arekodi kwa programu ya kawaida ya kinasa sauti, kisha aitume kama nyaraka. Kwa kilobiti 64 kwa sekunde, dakika 20 ni karibu megabaiti 10, na vipande vifupi havitamshinda mtu bando.

Na besi msiisikilize kwa spika ya simu. Haitoki. Wengi wanadhani hawana sikio la besi, kumbe hawajaletewa.

Niruhusu niongeze jambo ambalo hukuuliza, kwa sababu nalipenda na linakuhusu. Mazoezi yote haya ni ya kinanda, na kinanda kimegawa sauti kwa namna moja tu. Muda wa historia ya muziki ukifika, jaza simu yako vitu vya hapa. Sikiliza Wagogo wa Dodoma, msikilize hayati Hukwe Zawose. Nyimbo zao zimejengwa juu ya sauti za asili zinazotoka ndani ya noti moja, na ile sauti ya saba katika mfululizo huo iko chini ya ile ya kinanda kwa karibu theluthi ya nusutoni, ile hatua ndogo kabisa ya kinanda. Ukiisikia mara ya kwanza unaweza kusema wamekosea. Irudie, uimbe pamoja nao, mpaka sikio lako liache kuivuta juu. Siku hiyo utakuwa na sikio pana kuliko mtihani unaoufanya.

Halafu nenda Unguja, kwa mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad. Mwaka 1928 yeye na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Upande mmoja wa santuri ya siku zile ulibeba takriban dakika tatu. Unapomsikiliza jiulize, wimbo uliozoea kuimbwa usiku kucha mbele ya watu wanaotunza na kuitikia ulikatwa wapi ili uingie humo? Ukijifunza kuiuliza rekodi maswali ya namna hiyo, umeshaanza utafiti. Fanya hivi: wimbo mmoja kwa wiki, mara ya kwanza fuata sauti ya mwimbaji peke yake, siku nyingine fuata ala moja tu, siku ya tatu ngoma. Kila ukimaliza jirekodi dakika moja ukieleza ulichosikia bila kuangalia popote. Sikiliza maelezo yako kesho yake. Utasikia mwenyewe ulipobabaisha.

Hapo ndipo napofika kwenye podikasti yako. Aliyekushawishi uianzishe hakukosea, ila wiki sita hizi si za hiyo. Kipimo kikishapita, anza. Usianze na kipindi kirefu cha kuchambua nyimbo za kwaya zote za Tanzania. Anza na mtu mmoja: mwalimu wa kwaya yenu ya zamani, au yule mama aliyeimba sauti ya pili kabla yako. Mwulize alijifunzaje solfa, nani alimfundisha, wimbo upi ulimpa shida na aliushindaje. Mwombe aimbe kipande, wewe umwimbie sauti nyingine. Dakika kumi zinatosha. Mwombe ruhusa kabla hujabonyeza kinasa, mwambie itasikilizwa na nani, na ukimaliza mpelekee nakala yake kwanza, kabla hujawatumia watu wengine.

Kuhusu Jumamosi hii, mwone mpiga kinanda wa usharika. Nenda na penseli mbili.